Mteja Apewe Ratiba Yake, Si Ratiba Yako Iliyofichwa Safu

Mwaka juzi nilikuwa nasimamia ujenzi wa nyumba ya ghorofa Kigamboni, mwenye nyumba yuko Uingereza. Kila Jumamosi alitaka ratiba, na ni haki yake. Mimi ratiba yangu naiandika kwenye Excel: kazi gani, inaanza lini, inaisha lini, fundi nani, namba yake ya simu, analipwa shilingi ngapi kwa siku, nondo nachukua duka gani na kwa bei gani. Jumamosi moja nikazificha zile safu za malipo, nikatuma faili kwa WhatsApp.

Jioni simu ikaita. "Kaka, huyu fundi wa nondo unampa elfu thelathini? Mbona kwenye makadirio umeandika zaidi?"

Safu iliyofichwa haijafutwa. Mtu anazichagua safu mbili zilizoizunguka, anabofya kulia, anaifichua. Hata Google Sheets ni hivyo hivyo: uliyempa ruhusa ya kutazama tu, akijitengenezea nakala, karatasi ulizoficha anazifungua.

Kuhusu makadirio tulielewana. Nilimweleza kuna usafiri, kuna vifaa, kuna siku mvua inanyesha na watu wamekaa. Kilichoniuma ni kingine. Ndugu wa mteja aliichukua namba ya fundi kwenye faili, akampigia, wakaanza kujadili malipo yake. Jumatatu asubuhi fundi alinifuata, waya wa kufungia nondo bado uko mkononi, akaniuliza taratibu: "Bosi, hela yangu umeitangaza?" Sikuwa na jibu. Mtu alinipa namba yake ili nimwite kazini, mimi nikaivusha bahari bila kumuuliza. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na wengi wetu saiti tunadhani ni ya mabenki na kampuni za simu. Ila hata isingekuwepo, lile swali la fundi lingetosha.

Tangu hapo ratiba ni mbili, kila moja na faili lake. Ya ndani ina majina, malipo, maduka, na pale ninapombana fundi mbao alete kenchi za paa Jumatano ilhali nazihitaji Ijumaa. Hayo ni ya kwangu na mafundi wangu. Ya mteja naiandika upya, kwa kufikiria anachohitaji kujua mtu aliye mbali ambaye ndiye anayetoa hela.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Wao wakisikia habari ya kuficha mambo ya ndani, wanaficha na ucheleweshaji. Tarehe ya kukabidhi inakuwa moja kwa mteja, nyingine kwa mafundi. Huo ni uongo, hata ukipakwa rangi nzuri kwenye jedwali. Siku za masika, Machi hadi Mei, mimi namwandikia mteja waziwazi: hizi ni siku za mvua, huenda tukazitumia, huenda tusizitumie. Wenzangu wanasema mteja akiona siku za akiba ataongeza kazi. Aongeze. Tutakaa, tutahesabu gharama na siku, na tarehe itasogea akiwa anajua kwa nini.

Chukua slebu, ile sakafu ya zege ya ghorofa. Ukishamwaga zege, kwa wiki kadhaa mwenye nyumba anatumiwa picha ile ile: mirunda, zile nguzo za kuishikilia kwa chini, imesimama, hakuna mtu juu isipokuwa kijana wa kumwagilia maji. Aliye mbali anaamini saiti imetelekezwa. Kwa hiyo ratiba yake inasema: zege linakomaa, nguvu yake hupimwa siku ya 28, mirunda haitolewi mpaka msimamizi aseme, maji asubuhi na jioni. Maneno hayo yamenipunguzia simu za usiku kuliko safu yoyote niliyowahi kuificha.

Yule wa Kigamboni tuliendelea naye mpaka vigae. Kila Jumamosi alipata ukurasa mmoja wa PDF: kilichoisha, kinachofuata, kilichochelewa na sababu yake. Jina la fundi halikuwemo. Siku ya mwisho ya yeye kuchagua milango ilikuwemo, kwa maandishi mekundu, pamoja na siku ambazo kazi ingesimama asipochagua.