Pumu: Kuvuta Kila Siku au Kuvuta Kifua Kinapobana?

Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena kumtibu mtu wa miaka 12 na kuendelea kwa salbutamol peke yake, ile inhela ya buluu inayouzwa karibu kila duka la dawa. Ubishi uliobaki ni juu ya kitakachochukua nafasi yake kwa wenye pumu isiyo kali. Upande mmoja unasema mgonjwa avute steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe wa mirija ya hewa, kila siku, anajisikia vibaya au hajisikii, na ya buluu ibaki ya dharura. Upande wa pili unasema apewe inhela moja yenye budesonide, ambayo ni steroidi, na formoterol, dawa ya kufungua kifua, pamoja, aivute pale tu kifua kinapoanza kubana. Njia hii ya pili wengi wanaiona kama ruhusa ya uvivu. Kwangu mimi, wanaionea.

Pumu huibana mirija ya hewa kwa namna mbili: misuli inayoizunguka hukaza, na ngozi yake ya ndani huvimba na kujaa makohozi. Salbutamol hulegeza misuli ndani ya dakika chache, lakini uvimbe haiugusi. Mgonjwa ameketi ukingoni mwa kitanda saa nane za usiku, mabega yamepanda, anavuta mara mbili, mlio wa filimbi kifuani unatulia, analala. Usiku wa pili anavuta mara nne. Shambulio kubwa mara nyingi hujijenga hivyo, kwa siku kadhaa, na siku hizo ndizo mgonjwa huikimbilia zaidi inhela yake. Ikiwa kila anapovuta anapata na steroidi, basi dawa ya uvimbe inapanda pamoja na uvimbe wenyewe, bila daktari wala mama kumkumbusha. Uvivu uko wapi hapo?

Utafiti wa SYGMA 2, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia kwa mwaka mmoja wagonjwa zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Waliopangiwa steroidi kila siku walipata wastani wa mashambulio makali 0.12 kwa mtu kwa mwaka. Waliovuta mchanganyiko kwa kuhitaji walipata 0.11. Hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Lakini kundi la kwanza lilivuta kama mikrogramu 267 za steroidi kwa siku, na la pili 66. Kinga ileile kwa robo ya dawa! Mzazi anayeogopa steroidi, na wapo wengi, hajaambiwa jambo hili. Tena wale wa kila siku walivuta karibu asilimia 63 tu ya dozi walizopangiwa, nao wako ndani ya utafiti. Kijana wa kidato cha tatu aliyeko bweni, ambaye wiki nzima hajakohoa, atavuta asilimia ngapi? Huyo ndiye ninayemfikiria. Inhela ya kinga ataisahau kabatini. Inayomfungua kifua haitoki mfukoni.

Ukilinganisha na dawa ya kufungua kifua peke yake, tofauti ni kubwa zaidi: utafiti mwenzake, SYGMA 1, ulionyesha mashambulio makali yakipungua kwa asilimia 64.

Watetezi wa dozi ya kila siku wana hoja yao. Katika SYGMA 1 huohuo, waliopangiwa steroidi kila siku walikuwa na wiki za pumu iliyotulia vizuri asilimia 44, na wenzao wa mchanganyiko 34. Anayetaka kulala usiku mzima na kucheza mpira bila kukohoa, na ana nidhamu ya dawa, dozi ya kila siku itamtuliza zaidi. Na ambaye pumu yake inamsumbua siku nyingi za wiki hahusiki na ubishi huu kabisa: anahitaji dawa ya kila siku.

Pana hatari moja dukani. Si kila inhela ya mchanganyiko inafaa kuvutwa kwa kuhitaji. Formoterol hufungua kifua ndani ya dakika chache. Salmeterol, iliyomo katika mchanganyiko mwingine unaouzwa sana, huchelewa. Muuzaji akikubadilishia kwa kusema “ni zilezile”, kataa.

Bei nayo ni kikwazo cha kweli, kwa sababu mchanganyiko ni ghali kuliko ya buluu. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2017, ila orodha haimlipii mtu dukani. Kwa asiyeumudu, GINA ina njia nyingine: kila anapovuta salbutamol, avute na steroidi, kwa mfano beclometasone, papo hapo. Inhela zitakuwa mbili, na zote mbili zinapaswa kukaa mfuko mmoja.