Mkulima wa karanga ana sababu ya kuikataa mbolea ya DAP

Huko Abuja mwaka 2006, viongozi wa Afrika walikubaliana kwamba kufikia 2015 kila hekta ipate kilo 50 za virutubisho vya mbolea. Uganda ilibaki mbali sana na lengo hilo, na lawama nyingi humwangukia mkulima. Anayepanda karanga Teso, mashariki mwa Uganda, au Lango, kaskazini, bila mbolea huonekana mzembe. Lawama hiyo ni ya haraka mno.

Tuangalie anachouziwa. Maduka ya pembejeo hujaa DAP (naitrojeni na fosforasi), urea (naitrojeni) na NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu), mbolea zinazofaa mahindi. Vinundu vya mizizi ya karanga vina bakteria wanaovuta naitrojeni hewani, kwa hiyo mkulima anayenunua urea analipia kitu ambacho shamba lenyewe linaweza kujipatia. Kinachokosekana mara nyingi katika udongo wa kichanga ni kalsiamu, na DAP haina kalsiamu.

Hapa ndipo karanga inapotofautiana na mazao mengi. Kalsiamu inayonyonywa na mizizi hupanda na maji hadi kwenye majani, na haishuki tena kulisha ganda lililo ardhini. Ganda hujinyonyea lenyewe, kutoka sentimita kama kumi za juu za udongo. Zikikauka au zikikosa kalsiamu, shamba hupendeza kwa kijani hadi siku ya kung'oa, ndipo mtu anavunja ganda baada ya ganda na kukuta hamna kitu. Hata punje zinazopatikana huweza kuwa na kiini cheusi kisichoota vizuri, na kwa kuwa wengi hutunza mbegu zao wenyewe, hasara huingia msimu unaofuata. NPK nayo, ikijaza potasiamu pale maganda yanapokua, huzidisha tatizo, maana potasiamu hushindana na kalsiamu. Ongeza ukame na ugonjwa wa rozeti unaoenezwa na vidukari: nani aweke fedha za ada ya watoto kwenye gunia la mbolea?

Wanaohimiza mbolea wana hoja nzito, hata hivyo. Fosforasi haitoki hewani, na ikipungua hata vinundu hudhoofika. Tena karanga hung'olewa mmea mzima; majani yakienda kwa ng'ombe na samadi isirudi shambani, udongo unachakaa. Tani moja ya punje hubeba naitrojeni inayokaribia ile ya magunia mawili ya urea ya kilo 50. Imani kwamba karanga hurutubisha shamba vyovyote vile haina msingi.

Lakini hoja hiyo inadai fosforasi, kalsiamu na kurudisha masalia, haidai DAP. Mbolea ya SSP ina fosforasi, kalsiamu na salfa kwa pamoja, kwa sababu jasi, yaani madini yenye kalsiamu na salfa, inayotokea wakati wa kuitengeneza hubaki humo humo. Palipo na fosforasi ya kutosha, jasi peke yake ikiwekwa karibu na mashina wakati wa maua inaweza kutosha. Na Uganda si mgeni wa SSP: miaka ya 1960 na 1970 ilitengenezwa Tororo, kwa mawe ya fosfeti ya vilima vya Sukulu, karibu kabisa na mashamba ya karanga ya mashariki. Kabla ya kumhubiria mkulima wa Serere, huko Teso, wizara ihakikishe mbolea hiyo inafika dukani kwake, katika mifuko midogo anayoimudu.