Nani Kachomeka Hiki Kitu?

Naomba mtu mmoja tu mwenye akili timamu anieleze: programu ya kusimamia diski inakataaje kufunguka kwa sababu ya diski? Si sawa na zimamoto kukuambia hatuji, kwenu kunawaka?

Tarehe 19. Wanaojua wanajua. Kesho ni tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na mfumo wa mauzo tangu saa mbili asubuhi unatoa kiboksi chekundu kwamba nafasi imekwisha. Uhasibu wamepiga simu mara nne. Mapokezi mara mbili, ya pili ilikuwa ya tona ya printa. Mimi nimo chumba cha seva, nimekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa, maana kiti changu kilichukuliwa kwenda mkutano wa bodi mwezi wa tatu na hadi leo hakijaripoti kazini.

Chumba cha seva nakitaja kwa heshima tu. Kilikuwa stoo ya mifagio na bado ni stoo ya mifagio, seva ni mpangaji. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye beseni, beseni likijaa namwaga mimi. Kwenye barua ya ajira imo: "na kazi nyingine atakazopangiwa." Kitambulisho changu kimeandikwa Afisa Tehama. Afisa mzima, na beseni lake.

Basi nikasema hii ni kazi ya dakika tano. Nafungua programu ya diski, ileile inayokuja na Windows Server, naangalia C, kile kipande cha diski chenye Windows yenyewe, imejaaje, naiongezea eneo, nakwenda kunywa chai. Nikaandika diskmgmt.msc, nikagonga Enta kwa madaha kabisa, kwa sababu dada wa usafi alikuwa amekuja kuchukua mfagio na nilijua ananiangalia.

Dirisha likafunguka. Jeupe. Chini kabisa, maandishi madogo: inaunganisha na Huduma ya Diski Pepe.

Ikaunganisha. Nikamwaga beseni, nikarudi, inaunganisha. Dada akachukua mfagio wake, akaniambia "pole kaka" kwa sauti ile ya msibani, akaondoka.

Mnajua lile dirisha lenyewe halijui chochote? Ni karani tu. Linamtuma mtu wa ndani anayeitwa vds, ndiyo hiyo Huduma ya Diski Pepe, naye anapita mlango kwa mlango kama mjumbe wa nyumba kumi: wewe diski sifuri, upo? Una ukubwa gani? Umegawanywaje? Haya, diski moja? Sasa mlango mmoja ukikaa kimya, mjumbe anasimama palepale anabisha hodi. Haendi nyumba inayofuata, harudi ofisini kusema amekosa mtu. Anabisha tu. Na karani naye anakuangalia na karatasi nyeupe.

Nikaingia kwenye orodha ya huduma, nikamkuta vds, pembeni yake imeandikwa anafanya kazi. Kazi gani? Nikamwambia simama. Ikaandikwa "anasimama". Dakika sita anasimama! Nikamuua kwa nguvu kwa amri ya taskkill, Mungu anisamehe, nikafungua dirisha upya. Jeupe. Nikakimbilia diskpart, programu nyingine ya diski, ile ya skrini nyeusi ya wanaume, nayo ikaganda mlangoni, maana kumbe inamtegemea mjumbe yuleyule. Nikaendesha sfc /scannow ikague mafaili ya mfumo. Ikapanda asilimia mojamoja kama foleni ya kwenda Mbagala, halafu mwisho wa safari ikaniambia mafaili yako salama, hakuna kilichoharibika. Asante.

Mlinzi akachungulia: "Bosi, umejaribu kuzima na kuwasha?" Kila mtu nchi hii ana huo ushauri. Seva yenyewe ni ya Windows Server 2012 R2, ambayo masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 10 Oktoba 2023, na watu kumi na wanne wamo ndani ya mfumo wanajaribu kuuza. Kizee kama hicho humwambii lala kidogo halafu uamke. Anaweza kukubali la kwanza akakataa la pili.

Ndipo nikafungua daftari la matukio, kitu ambacho ningefanya tangu mwanzo kama ningekuwa nimekalia kiti. Mistari myekundu imejipanga kama siafu, tukio namba 7, lilelile, linajirudia: diski ina sehemu mbovu. Diski gani? Harddisk2.

Nikatulia juu ya ndoo. Kompyuta inahesabu kuanzia sifuri. Seva yangu inaona diski mbili, kwa hiyo ni sifuri na moja. Namba mbili ni nani?

Nikapiga magoti nyuma ya kabati. Kwenye tundu la USB kumechomekwa waya mweusi nisioujua. Nikaufuata. Umepita nyuma ya dumu la dawa ya choo, umezunguka fagio la chelewa, umeishia kwenye kifurushi cha kitenge. Nikafunua kitenge. Juu ya sahani ya chai kumelala kihadi diski cha kubeba mkononi, kimefunikwa vizuri kama mtoto mchanga, kinalia: tk, tk, tk.

"Nani kachomeka hiki kitu?"

Nilipiga kelele, nakiri. Ilisikika hadi mapokezi. Viatu vya mchuchumio vikaja mbio koridoni, akaingia Mama wa uhasibu, mkono kifuani.

"Mwanangu, usikishike!"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usikishike."

Hata hasira ikabidi ikae foleni isubiri salamu.

"Mama, hii ni ya nani?"

"Ya sendofu."

"Sendofu ya nani?"

"Ya mwanangu! Si ulikuja ukala?"

Nilikula. Siwezi kukana. "Sasa inafanya nini kwenye seva ya kampuni?"

"Kwenye laptop yangu ilikuwa inagomagoma, nikaona niilete kwa kubwa lao. Mgonjwa akishindikana zahanati si anapelekwa hospitali ya rufaa?"

"Ilianza lini kugoma?"

"Tangu ilipoteleza."

"Ilidondoka."

"Haikudondoka. Iliteleza. Kutoka kwenye bajaji."

"Bajaji ilikuwa imesimama?"

Mama akatazama kiyoyozi. "Hiki nacho kitengenezwe," akasema.

Nikavuta pumzi. "Na neno la siri la kuingilia humu amekupa nani?"

Hakujibu. Alinyoosha mkono, akainua kibodi. Chini yake kikaratasi, wino wa kijani, mwandiko wangu, nimepigia na mistari miwili chini ili nisisahau. Akashusha kibodi taratibu, kama mtu anayemsitiri mwenzake.

"Sawa," nikasema, "mimi naichomoa."

"Huchomoi."

"Mama, hii ndiyo inayozuia kila kitu! Mjumbe amesimama mlangoni kwake tangu asubuhi!"

"Mjumbe gani?"

"Mama, kesho ni VAT!"

"Najua kesho ni VAT."

"Ritani yenyewe ni ya kwenu uhasibu!"

"Ndiyo ni ya kwetu, ndiyo maana nimekupigia mara nne ufanye haraka."

Jamani. Nilitafuta jibu, sikulipata. Bado nalitafuta.

Akaniambia kwa upole kwamba mpiga video alishafuta kwake, nakala ndiyo hii moja tu duniani. Imekuwa ikihamia kwenye seva tangu Alhamisi na imefika asilimia 71. Imekwama pale mama mkwe anapoingia na vigelegele, na mama mkwe ameshauliza video mara tatu. "Ukichomoa, mwanangu anaolewa kwenye ukoo gani? Uso wangu nitauweka wapi?" Nikamwambia kwamba diski ikilia tk tk tk kila dakika inayoachwa kwenye umeme inazidi kujiua, kwa hiyo kuichomoa ndiyo kumwokoa mama mkwe. Akanitazama kama mtu anayeuziwa kiwanja chenye hati mbili.

"Halafu," akasema, akishusha sauti, "wewe mwenyewe umo mle. Kwenye msosi. Umepanga foleni, umepakua, halafu kuna mahali unatokea tena nyuma ya mwenyekiti wa kamati na sahani nyingine."

"Mama, ile ilikuwa ya jirani yangu wa meza."

"Jirani yako alikuwa mbele yako, naye ana sahani yake."

Tukakubaliana. Nichomoe, lakini polepole, nisiishtue. Yeye akashika sahani na kitenge, mimi nikashika waya, dada wa usafi akasimama mlangoni na fagio lake, mlinzi nyuma yake. Mama akafumba macho. Nikavuta. Tk ya mwisho ilikatika katikati.

Papo hapo, bila aibu, dirisha jeupe likajaa. Mistari ya buluu, diski sifuri, diski moja, C, D, kila kitu mahali pake, kama vile halikuwa na neno na mtu yeyote tangu asubuhi. Saa sita kasoro! Nimeua vds mara tatu, nimekagua mafaili ya mfumo mzima, nimepiga magoti kwenye maji ya kiyoyozi na suruali ya kazini, nimesoma miaka mitatu chuoni na mkopo bado wanaukata kila mwezi, kumbe tatizo limelala kwenye sahani ya chai limefunikwa kitenge! Niliongea peke yangu muda, dada akafunga mlango.

Na unajua C ilijazwa na nini? Juu ya uso wa seva, palepale mbele ya macho, mafolda matatu: SENDOFU, SENDOFU MPYA, SENDOFU YENYEWE. Gigabaiti 61. Hata kuongeza eneo nisingeweza, nafasi tupu iko ng'ambo ya D, kipande kinachofuata, na programu hii inakuongezea upande wa kulia uliopakana tu. Ni kama kiwanja: hupanui ukumbi wako kwa kuruka nyumba ya jirani. Nikahamishia mafolda D, kufuta sikuthubutu. D ndiyo inayochukuliwa nakala rudufu usiku. Kwa hiyo sasa kila saa sita usiku kampuni hii inahifadhi, pamoja na ankara zake, asilimia 71 ya sendofu, mimi nikiwa nyuma ya mwenyekiti na sahani.

Mfumo ukarudi. Hakuna aliyepiga simu kusema asante. Mzee mwenyewe wa kampuni alipiga, lakini ni rimoti yake ya televisheni.

Saa nane Mama wa uhasibu akaja na bahasha. Nikadhani soda. Kumbe kadi ya mchango, harusi yenyewe ni Jumamosi ijayo. Singo 50,000, dabo 100,000, na kwa kalamu ya kijani, sijui kaitoa wapi, ameandika pembeni: "Mwanangu, wewe chukua dabo tu." Nimeingizwa na kwenye grupu la kamati la WhatsApp. Hadi saa kumi kulikuwa na ujumbe mia na kitu, nusu yake ni watu wanaandika "Amina" na sikuona dua ilikuwa wapi. Kuna mjomba anatuma orodha ya walioahidi kila baada ya nusu saa, jina langu la kumi na tisa, mbele yake sifuri. Sifuri hiyo nayo imewekwa rangi nyekundu.

Kwenye daladala nikasimama hadi mwisho wa kituo, mtu akiwa ameniwekea kuku hai karibu na goti lile lililoloa. Nafika nyumbani naambiwa maji yalitoka saa tano asubuhi, yakatoka vizuri tu, kwa presha, yakakatika. Madumu yote matupu. Kila mtu alidhani mwenzake amekinga. Nikauliza na lile pipa la uani je? Kimya. Mke wangu akaniambia pipa lina matobo tangu Pasaka, na kwamba aliniambia, na kwamba nilijibu "sawa" nikiwa naangalia simu.