Notisi za hakimiliki na programu huria: kufunga ni dakika, kujibu ndo mtihani

Mei 2024 Nintendo walituma notisi moja ya hakimiliki pale GitHub, saiti ambako madevelopa huweka msimbo wao (yale maandishi ya programu), na ripo 8,535, yaani makabati ya miradi, zikafungwa kwa mkupuo. Zote zilikuwa nakala za Yuzu, ile emuleta ya kuchezea gemu za Switch, mashine ya Nintendo, kwenye kompyuta, na Yuzu yenyewe ilikuwa ishakufa manake Nintendo waliishtaki Februari, Machi wakapatana kwa dola milioni 2.4 na mradi ukafungwa. Sasa hapa Mombasa ukiongea na madevelopa kuhusu mambo haya utapata kambi mbili na hakuna anayetaka kumsikia mwenzake. Huyu anakwambia makampuni makubwa yanatuonea, yule anakwambia mwizi ni mwizi hata akibandika leseni huria, ile ya kuruhusu kila mtu atumie na kubadilisha msimbo, juu ya wizi wake. Mimi naona wanabishana nani ana haki wakati mara nyingi mambo yanaisha kabla hata hilo swali halijaulizwa, kwa sababu aliyeandikiwa hakujibu. Hakujibu sio kwa vile ana makosa, hakujibu kwa vile kujibu kwenyewe ni balaa.

Sheria yenyewe kwa ufupi. DMCA, sheria ya hakimiliki za kidijitali, ni ya Marekani, Clinton aliitia saini Oktoba 1998. Kifungu cha 512 kinamlinda mwenye seva: watumiaji wake wakipakia kitu cha wizi yeye hadaiwi fidia, mradi akipata notisi akitoe haraka. Aliyetolewa kitu chake anaruhusiwa kutuma notisi ya kupinga, na akishatuma, mlalamishi asipoenda kortini ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi basi kitu kinarudishwa. Kwenye karatasi mpango mzuri tu, na wanaoilaani DMCA kutwa wanasahau kwamba bila hicho kifungu GitHub ingekuwa kitu kingine kabisa, manake nani angekubali kubebea programu mamilioni ya watu asiowajua alafu ashtakiwe kwa kila moja? Angekagua kila kitu kabla hakijapanda, na wa kwanza kukataliwa angekuwa mtu wa huku asiyejulikana na yeyote.

Alafu kuna jambo ambalo watu wa programu huria hawapendi kukumbushwa. Leseni zetu zote zinasimama juu ya hakimiliki hiyo hiyo tunayoitukana. GPL, moja ya leseni huria, inasema chukua, badilisha, uza ukitaka, lakini ukisambaza na wewe toa msimbo wako, na nguvu ya kumlazimisha mtu inatoka wapi kama si kwenye hakimiliki? Mwaka 2008 mahakama moja ya rufaa Marekani, kwenye kesi ya Jacobsen na Katzer iliyotokana na programu huria ya treni za kuchezea (ndio, treni za kuchezea), ilisema ukivunja masharti ya leseni huria unaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki na sio mkataba peke yake. Siku ile ndo leseni zetu zilipata meno.

Na 2014 meno yenyewe yakang'ata ndani ya nyumba. CraftBukkit, programu iliyokuwa inaendesha seva za Minecraft kila pembe ya dunia, ilifungwa na notisi iliyotoka kwa mmoja wa walioiandika. Hoja yake ilikuwa mimi nimetoa kazi yangu kwa GPL, nyinyi mmeichanganya na msimbo wa Mojang, wenye Minecraft, ambao haujawahi kufunguliwa, kwa hivo hamna ruhusa ya kusambaza sehemu yangu. Watu walimtukana sana lakini ukiisoma ile hoja polepole unaona hakubahatisha, na hapo mwenye notisi hakuwa kampuni, alikuwa developa mmoja anatumia silaha hiyo hiyo. Kwa hivo anayesema notisi zifutwe kabisa ajue anamnyang'anya pia kijana aliyeibiwa msimbo na kampuni, ambaye hana pesa ya wakili na barua ya bure ndo kitu pekee alichonacho.

Tena sisi tusijifanye malaika. Kuna saiba ngapi mjini zilikuwa na Windows iliyolipiwa? Movie shop zetu zilijazia watu flashi miaka na miaka na hakuna aliyeuliza mwenye filamu anakula nini. Mwanamuziki wa Pwani anayekuta albamu yake kwenye kila flashi ya matatu akisikia kuna sheria ya kuandika barua moja na kitu kinatoka, atakwambia nipe hata leo.

Haya, upande wa pili, na hapa nataka tuangalie kesi moja kwa karibu. Oktoba 23, 2020 chama cha makampuni ya muziki Marekani, RIAA, kiliwaandikia GitHub kuhusu youtube-dl, programu huria ya kushusha video. Walichokamata ni faili la majaribio. Mwenye programu huwa anaandika linki kadhaa ili kila akibadilisha kitu aone kama bado kinafanya kazi, sasa kati ya linki hizo kulikuwa na nyimbo za mastaa kama Taylor Swift na Justin Timberlake. RIAA wakasema unaona, hii imeundwa kuiba nyimbo zetu. Na hawakutumia kile kifungu cha 512 kama kawaida, walishika kifungu cha 1201 kinachokataza kuvunja kufuli za kidijitali, wakidai youtube-dl inavunja ulinzi wa YouTube. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Ukiambiwa umenakili, sheria inakupa njia ya kupinga na tarehe ya kurudishiwa. Ukiambiwa umevunja kufuli, sheria haijaandika njia yoyote ya kupinga, unamtegemea mwenye seva awe na roho nzuri.

Bahati nzuri roho hiyo GitHub walikuwa nayo. Mawakili wa EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za mtandaoni, waliandika kueleza kwamba yale majaribio yanachukua sekunde chache tu za wimbo, na hiyo inayoitwa kufuli ni kijiprogramu cha JavaScript ambacho YouTube wenyewe wanampa kila anayefungua ukurasa, brauza yako inakiendesha bila nenosiri wala ufunguo wa siri, na youtube-dl inafanya hivo hivo. Novemba 16 ripo ikarudi, zile linki zikabadilishwa, GitHub wakatenga dola milioni moja za kutetea madevelopa na wakasema kuanzia hapo kila dai la 1201 litapitiwa na wataalamu na wanasheria kabla ya kufungwa.

Pale Biashara Street leso ya watu ikiigwa, mwenye nayo anaweza kuja na hasira zake na haki yake yote, lakini atashika ile leso iliyoigwa, hataenda kufunga duka zima na mafundi na wateja ndani eti kwa sababu pindo moja linafanana. Notisi ya RIAA ilifunga duka. Linki zilikuwa chache, zingetolewa kwa dakika, na watu waliokuwa wanatumia youtube-dl kuhifadhi ushahidi, mihadhara, rekodi za mikutano, wote wakakuta mlango umefungwa.

Lakini msisherehekee sana, maana hadithi ina mkia. Sony, Universal na Warner walienda Ujerumani wakamshtaki Uberspace, kampuni iliyokuwa imebeba ukurasa tu wa mradi huo, na 2023 mahakama ya Hamburg ikawapa ushindi. Programu ni ile ile, jambo ni lile lile, Marekani imerudi hewani na Ujerumani mwenye seva kapoteza. Kwa hivo wale wanaotushauri tuhamie seva za Ulaya tukapumzike, pole pole.

Sasa turudi kwenye kujibu. Ukisoma 512 vizuri utaona mizani imeinama. Anayetuma notisi anaapa, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba yeye ni mwakilishi halali wa mwenye haki. Kuhusu dai lenyewe kwamba umenakili anatakiwa tu aamini hivo kwa nia njema. Wewe unayepinga ndo unaapa kwa adhabu hiyo hiyo kwamba unaamini kitu chako kimetolewa kimakosa. Kuna kifungu cha kumbana anayedanganya makusudi, 512(f), na kimewahi kufanya kazi, Diebold waliokuwa wakitengeneza mashine za kupigia kura walilipa dola 125,000 mwaka 2004 baada ya kutumia notisi kuficha barua pepe zao zilizovuja, ila kesi za namna hiyo ni za kutafuta kwa tochi. Qualcomm, watengenezaji wa chipu za simu, 2014 walifungisha ripo zaidi ya 100 pamoja na za CyanogenMod (Android iliyoboreshwa na madevelopa huria) na za Sony, baadaye wakaziondoa notisi zao wenyewe, na maisha yakaendelea.

Nina kijana namfahamu, anakaa Mtopanga, aliandika maktaba ndogo ya msimbo ya kusoma meseji za pesa za simu na kuzipanga kwenye jedwali, kitu cha mama mwenye duka kujua leo ameingiza ngapi. Kampuni moja ya nje ikadai faili moja limetoka kwao. Yeye anasema aliliandika mwenyewe na historia ya ripo inaonyesha, mstari kwa mstari, tarehe kwa tarehe. Tukakaa tukafungua maelezo ya kupinga. Jina kamili, sawa. Namba ya simu, sawa. Anwani ya makazi. Nyumba yao haina namba, barabara haina jina, na sanduku la posta pekee aliyowahi kutumia maishani ni ya shule aliyosoma. Hapo akacheka. Chini yake kuna sentensi inayosema unakubali mahakama ya shirikisho ya Marekani, kule aliko mwenye seva, na unakubali kupokea hati za mashtaka kutoka kwa mlalamishi, na nakala ya haya yote inaenda kwa mlalamishi huyo huyo. Hapo hakucheka. Akaniuliza, "Sasa bro, nikishtakiwa naenda na nini, viza?" Akafunga laptopu. Ripo mpaka leo haipo.

Utasema alikuwa mwoga. Angalia basi waliojibu. Kundi la madevelopa lilichambua gemu mbili za zamani za Grand Theft Auto na kuziandikia msimbo upya, Take-Two, wenye gemu hizo, wakatuma notisi Februari 2021, jamaa wakapinga, Juni ripo ikarudi kama sheria inavyosema, Septemba wakashtakiwa. Sisemi Take-Two hawakuwa na hoja, kuchambua programu ya mtu mpaka uiandike upya ni swali gumu na mimi mwenyewe naegemea kwao kidogo hapo. Nasema tu kwamba ile njia ya kupinga ni mlango unaofunguka kuelekea kortini, na kuingia korti ya Marekani ukitokea Bamburi sio mchezo.

Kenya nayo ina notisi zake tangu marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki, kifungu cha 35B. Mtoa huduma anapewa saa 48 za kazi kufunga, isipokuwa apate notisi ya kupinga. Kitu kimoja wabunge wetu walifanya ambacho nakipenda: anayetuma notisi ya uongo au ya hila, na anayepinga kwa uongo vile vile, wote wanakabiliwa na faini hadi shilingi 500,000 au kifungo hadi miaka mitano. Mizani imekaa sawa zaidi kuliko ya Wamarekani. Kasoro ni mbili. Saa 48 ni kidogo mno kwa mtu anayefungua imeli Jumamosi kwa Jumamosi. Na ripo zetu haziko Kenya, ziko kwa kampuni ya San Francisco, kwa hivo ulinzi huo mzuri unatulinda mahali tusipokaa. Waliofaidi kubishana chini ya sheria yetu ni wakubwa, MultiChoice, wenye DStv, walipowaandikia watoa intaneti Safaricom na Jamii wafunge saiti za kuonyesha mpira, hawa hawakufunga, kesi ikafika Mahakama Kuu. Wana mawakili wa mshahara.

Kuna wanaonijibu kwamba git, programu inayotunza historia ya msimbo, haiuliki, kila aliyechukua nakala ana historia nzima kwenye mashine yake, kwa hivo notisi ni kelele tu. Kwa msimbo ni kweli. Lakini kinachopotea ukifungiwa ni yale mengine: orodha ya hitilafu watu walizoripoti, mabishano ya kwa nini tulichagua hivi na sio vile, anayekutafuta na jina lako kwenye CV anakuta ukurasa umeandikwa umefungwa kwa DMCA kama vile umehukumiwa. Kijana wa Mtopanga msimbo anao. Kazi aliyoiomba wiki ile waliomba linki ya ripo.

Mimi notisi sitaki zife, zibaki, developa mdogo anazihitaji. Ila mwenye seva akiambiwa faili moja lina shida akae na faili hilo, na madai ya kufuli yapitiwe na mtu mwenye akili timamu kabla, kama GitHub walivyoahidi, na wengine wafuate. Upande wetu kuna jambo dogo linawezekana hata mwezi huu. Swahilipot na hub nyingine za hapa, vile vituo vya vijana wa teknolojia, zina anwani inayojulikana, zina sanduku la posta, na mjini hatukosi wakili mmoja wa hakimiliki wa kukaa pale saa mbili kwa mwezi kusoma barua za vijana. Mradi ukiandikishwa chini ya hub, fomu inajazwa kwa anwani ya hub, na anayejibu ni mtu aliyewahi kusoma 512 kabla ya siku ile.