Kura ya 2007 na Bili ya Leo: Timu ya UTSA Imekua kwa Pesa za Nani?

Mwanafunzi aliyeingia mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko San Antonio, UTSA, Septemba 2007, alikuta kura ya maoni inamsubiri. Aliulizwa kama yuko tayari ada ya michezo ipande karibu mara mbili ili chuo kianzishe timu ya futiboli ya Kimarekani. Wengi wa waliopiga kura wakakubali. Kama mwanafunzi huyo alisoma miaka minne bila kukwama, alivaa joho Mei 2011. Timu aliyoipigia kura ilicheza mechi yake ya kwanza Septemba 3, 2011.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Habari za timu hii husimuliwa kwa kutaja makocha, vikombe na nyota, na mimi pia nitawataja, maana wanastahili. Ila aliyelipa mwanzo, akaondoka kabla hajaketi kwenye kiti cha uwanja, hatajwi. Wala hawatajwi sana wanaolipa leo, ambao mwaka ule wa kura walikuwa bado watoto wadogo.

Futiboli ninayoizungumzia si soka. Ni ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ambao kwa Texas umekuwa zaidi ya mchezo: Ijumaa usiku ni ya shule za sekondari, Jumamosi ya vyuo, Jumapili ya timu za kulipwa. Mji mdogo wa Texas unaweza kuwa na uwanja wa shule unaobeba watu wengi kuliko wakazi wake. Katika jimbo la namna hiyo, chuo kikuu kikubwa kisicho na timu kilikuwa kama nyumba isiyo na sebule. Watu walikuwa wakija, wanafanya shughuli zao, wanaondoka.

Na UTSA ilikuwa hivyo hasa. Ilianzishwa 1969, ikakua haraka, lakini kwa muda mrefu ilikuwa chuo cha kuja asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Wanafunzi wake wengi ni Walatino wa San Antonio na kusini mwa Texas, na wengi ni wa kwanza katika familia zao kukanyaga chuo kikuu. Ungewakuta wakisoma UTSA huku wamevaa fulana za vyuo vingine vya jimbo, za Chuo Kikuu cha Texas cha Austin au za Texas A&M. Jiji lenyewe lilikuwa na njaa hiyohiyo. Kwa sensa ya 2010 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3, la saba kwa ukubwa Marekani, lakini timu yake kubwa ya kulipwa ilikuwa moja tu, Spurs ya mpira wa kikapu. Alamodome, uwanja wa kuezekwa ulioko katikati ya jiji, ulifunguliwa 1993 kwa matumaini ya kuivuta timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya kulipwa. NFL haikuja, isipokuwa mwaka 2005, New Orleans Saints walipocheza hapo mechi 3 baada ya kimbunga Katrina kuwatoa kwao.

Kwa hiyo wanaosema kwamba timu hii ilikuja kuziba pengo la kweli, mimi nawaunga mkono. Ushahidi ulionekana siku ya kwanza. Watu 56,743 waliingia Alamodome kuitazama UTSA ikiifunga Northeastern State 31-3, na hakuna timu changa ya chuo iliyokuwa imewahi kuanza maisha yake mbele ya umati mkubwa hivyo. Kabla ya hapo kocha Larry Coker, aliyewahi kutwaa ubingwa wa taifa na Chuo Kikuu cha Miami mwaka 2001, alikuwa ameajiriwa tangu 2009 na kukaa miaka miwili na nusu akijenga kitu kisichokuwapo. Vijana wake walifanya mazoezi msimu mzima wa 2010 bila kucheza mechi hata moja. Hebu fikiria kumshawishi kijana wa miaka 18 aache timu yenye jina, aje kwako mwaka mzima kugongana na wenzake tu mazoezini.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. UTSA ilipanda mpaka daraja la juu la vyuo mwaka 2012, ikapata ushindi 8 katika mechi 12, mwaka uliofuata ikahamia Conference USA, moja ya ligi za daraja hilo. Kisha kamba ikaonekana. Mwaka 2014 ilishinda 4, 2015 ikashinda 3, na Coker akaondoka. Akaja Frank Wilson, akaipeleka timu kwenye mechi yake ya kwanza ya bowl, yaani mechi ya mwisho wa msimu ya timu zilizoalikwa, mwaka 2016, ikafungwa, na kufikia 2018 na 2019 ikarudi kulekule chini. Viti vya Alamodome vikaanza kuonekana vitupu. Tofauti na Texas au A&M, UTSA haikuwa na babu aliyecheza hapo mwaka 1950 akaacha mjukuu anayenunua tiketi kila msimu, timu ishinde au ishindwe.

Aliyebadilisha mambo ni Jeff Traylor, na ninadhani siri yake haikuwa mbinu za uwanjani. Traylor alitoka kwenye shule za sekondari. Alifundisha miaka 15 huko Gilmer, mji mdogo wa mashariki mwa Texas, akatwaa ubingwa wa jimbo mara 3. Aliwajua makocha wa shule, na makocha wa shule ndio wenye funguo za vijana wa Texas. Aliajiriwa mwishoni mwa 2019, na mwaka 2021 timu ikashinda mechi 12, ikapoteza 2.

Kuna tukio moja la msimu ule nimelirudia kulitazama mara nyingi. Ni Novemba 20, 2021, UTSA haijafungwa katika mechi 10, na sasa iko nyuma ya UAB, Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham, kwa 31-27. Mpira uko yadi 1 kutoka mstari wa kufungia, sekunde zinayoyoma. Frank Harris, kwotabeki wa timu, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, kijana wa Schertz, pua na mdomo na San Antonio, mtu aliyekwishapitia upasuaji wa goti akarudi uwanjani, anarusha. Mpira unagongwa njiani, unapoteza mwelekeo, na kila mtu kwa sekunde moja anaamini mambo yameisha. Oscar Cardenas anaunasa kabla haujagusa nyasi. Zimebaki sekunde 3. UTSA 34, UAB 31. Wiki mbili baadaye, mbele ya watu zaidi ya 40,000, ikaifunga Western Kentucky 49-41 na kutwaa ubingwa wa Conference USA. Mwaka 2022 ikautwaa tena. Mwaka 2023 ikaingia American, ligi yenye hadhi kuliko Conference USA, na Desemba hiyo ikashinda mechi ya bowl kwa mara ya kwanza, 35-17 dhidi ya Marshall.

Anayesema haya hayana thamani hajawahi kuona jiji likipata kitu chake. Watoto wa San Antonio sasa wana fulana za timu ya nyumbani. Marcus Davenport alitoka UTSA akachaguliwa raundi ya kwanza na Saints mwaka 2018. Tariq Woolen akaenda Seattle 2022 na katika msimu wake wa kwanza akanasa pasi 6 za wapinzani, akiongoza NFL bega kwa bega na wengine wachache.

Sasa tuje kwenye bili. Katika vyuo vya ngazi ya UTSA, tiketi na haki za televisheni hazitoshi kuiendesha timu. Sehemu kubwa ya pesa hutoka kwenye ada za wanafunzi na mfuko wa chuo chenyewe. Kwenye ankara ya muhula hiyo huwa mstari mmoja mdogo, chini ya ada ya maktaba na ada ya teknolojia, na anayelipa kwa mkopo wa masomo huulipia riba. Binti anayesomea uuguzi au uhasibu, anayefanya kazi dukani usiku na hajawahi kufika Alamodome, maana kampasi kuu iko zaidi ya kilomita 20 kutoka hapo, naye analipa. Wakati huohuo, Oktoba 2021, Traylor alipewa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 28. Kwa bei ya soko la makocha hiyo si kufuru, na bila mkataba ule angekuwa ameshachukuliwa. Lakini nauliza kama yule binti aliulizwa.

Watetezi hujibu kwamba timu huvuta wanafunzi, na wana utafiti mkononi. Mwaka 2013 Doug Chung wa Harvard alionyesha kwamba timu ikipanda kutoka kuwa ya kawaida hadi kuwa bora, maombi ya kujiunga na chuo huongezeka kwa karibu asilimia 18. Nalikubali hilo, nikiongeza mambo mawili. Kwanza, ili timu moja iwe bora ni lazima nyingine zifungwe, kwa hiyo faida hiyo haiwezi kuwa ya vyuo vyote vilivyolipa. Pili, hadhi iliyoiinua UTSA zaidi machoni mwa wasomi ilikuja 2022, ilipoingizwa kwenye kundi la juu la vyuo vya utafiti Marekani. Hiyo ilitoka maabara na kwenye shahada za uzamivu. Sifa hiyo hawezi kupewa kocha, hata Traylor.

Vyuo vingine vinafundisha kwa pande zote mbili. UAB, waliofungwa kwa ule mpira uliogongwa, waliwahi kufuta timu yao kabisa Desemba 2014 kwa hoja ya gharama. Jiji la Birmingham likawaka, wafadhili wakachanga, na kufikia Juni 2015 uongozi ukatangaza kuirudisha. Ilirejea uwanjani 2017 na kutwaa ubingwa wa ligi 2018. Chuo Kikuu cha Idaho, kwa upande wake, ilipima mfuko wake ikaamua kushuka daraja kwa hiari mwaka 2018. Watu waliicheka. Mimi naona uamuzi wa Idaho ulihitaji ujasiri kuliko kupanda.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye ankara. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichunguza bongo za marehemu waliocheza futiboli. Kati ya 53 walioishia ngazi ya chuo, 48 zilikuwa na CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Bongo hizo zilitolewa na familia, na nyingi zilikwishakuwa na wasiwasi, kwa hiyo haiwezekani kusema ndivyo ilivyo kwa kila mchezaji. Hata hivyo chuo kinachoanzisha timu mpya kinaanzisha pia hatari hiyo kwa vijana zaidi ya 100 kila msimu. Ukweli huu ndio ulionifanya nisite muda mrefu kuliko hoja zote za pesa, na bado sijautulia.

Mashabiki wengi watakuambia tishio la sasa ni wachezaji kuhama. Ni kweli kwamba tangu 2021, vijana waliporuhusiwa kupata pesa kwa jina na sura zao, timu kubwa huvuna shamba la wadogo: Zakhari Franklin, aliyeongoza kwa kudaka pasi UTSA, alikwenda Ole Miss, Chuo Kikuu cha Mississippi, mwaka 2023. Siwezi kumlaumu hata kidogo. Kocha anahama akitaka, mchezaji kwa nini afungwe?

Kinachonitia hofu ni kile kilichofuata. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. American ikaweka sharti kwamba wanachama wake, ukiondoa vyuo vya kijeshi, walipe angalau dola milioni 10 ndani ya miaka 3. Kwa haki ya mchezaji, nafurahi. Jasho lake limeuzwa kwa miongo mingi bila yeye kuonja. Lakini pesa hizo zitatoka wapi, katika chuo ambacho mwanafunzi tayari anabeba sehemu ya mzigo?

Kwa hesabu yangu, timu hii ilistahili kuanzishwa. Jiji liliihitaji, wanafunzi waliulizwa kwa kura, na mwaka 2021 ahadi ililipwa kwa namna ambayo timu nyingi changa hazitaifikia. Naona pia uongozi wake una busara: Septemba 2024, Pac-12, ligi ya vyuo vya magharibi mwa Marekani, ilipotafuta wanachama wapya, UTSA pamoja na Memphis, Tulane na South Florida walitangaza kubaki American badala ya kukimbilia jina kubwa lenye safari ndefu na faini ya kuondoka.

Ninachokataa ni kuichukua ruhusa ya 2007 kama hundi isiyo na mwisho. Waliosema ndiyo waliiruhusu timu ya wanafunzi wenye ufadhili wa masomo, kabla ya mishahara ya wachezaji na kabla ya ndege ya kwenda kucheza mbali hadi Philadelphia. Chuo kiweke mezani hesabu yote kwa lugha ya mwanafunzi: ada yako ni kiasi hiki, hizi zinakwenda kwa makocha, hizi kwa wachezaji, hizi kwa matibabu yao baada ya kumaliza kucheza. Kisha masanduku ya kura yarudishwe, na safari hii wapige wale watakaolipa. Nikiwaza watu 41 na ushei elfu waliokuwa Alamodome usiku ule wa ubingwa, naamini wengi wangesema ndiyo tena. Ila yule binti wa uuguzi naye apewe karatasi yake.