Karakana inafuata mwezi, chuo kinafuata Jumatatu

Kwenye karakana yetu ya mashine za boti hapa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, kuna kalenda ya ukutani tuliyopewa na duka la vipuri. Fundi wangu haijali Jumatatu wala Jumamosi iliyoandikwa pale. Anachoangalia ni vile viduara vidogo vyeusi na vyeupe vinavyoonyesha mwezi umefika wapi. Kwa viduara hivyo anajua lini anunue plagi nyingi, lini amwite kijana wa ziada, na lini anaweza kulala mchana bila kusumbuliwa. Mimi ndani ya begi nina kalenda nyingine, ratiba ya chuo: Jumatatu hadi Jumatano darasani, Alhamisi hadi Jumamosi karakana. Ni mwaka wa pili sasa naishi katikati ya kalenda hizi mbili, na nimefika mahali pa kusema wazi kwamba hazijawahi kukutanishwa na mtu yeyote.

Kwa msomaji asiyelijua ziwa, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola na betri. Taa huvuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukishakuwa mkali, taa yako ni sawa na kuwasha mshumaa saa saba mchana. Kwa hiyo wiki nzima, wakati mwingine siku kumi, mwezi unapokuwa mpevu au unapokaribia kuwa hivyo, mitumbwi mingi ya dagaa hupanda nchi kavu. Nyavu zinashonwa, mbao zinatiwa kalafati, wavuvi wanakwenda kuona wake zao Ukerewe na Sengerema. Na mashine zinaletwa kwetu, zote kwa pamoja, kila mwenye nayo akitaka iwe tayari kabla giza halijarudi.

Siku hizo za mwezi ndizo chuo changu halisi. Nimewahi kufungua kabureta kumi na moja kwa siku mbili. Giza likirudi tunarekebisha mashine moja ya mtu wa sangara, kisha tunacheza drafti. Sasa chukua ratiba yangu uiweke juu ya hali hiyo. Jumatatu ya mwezi mpevu, wakati karakana ina mashine tisa zimepangwa ukutani kama wagonjwa wa zahanati, mimi niko ng'ambo ya mji nanakili mchoro wa klachi. Alhamisi ya giza, naamka saa kumi na moja alfajiri huko mlimani Kitangiri, nashuka kati ya mawe hadi barabarani, nafika karakana kuja kumtazama Fundi akinywa chai.

Nisieleweke kwamba naidharau shule. Wapo wanaosema darasa ni la kupata cheti tu na ufundi uko mtaani. Nami nilianza hivyo. Kilichonibadilisha ni mashine moja ya farasi 40 iliyoletwa mwaka jana ikiwa imekamata, pistoni haiendi juu wala chini. Fundi aliitazama mara moja akasema, “Hii haikukojoa.” Kwa lugha yetu, mashine ikifanya kazi lazima utoke mchirizi mwembamba wa maji pembeni, huo ndio mkojo wake, na mvuvi mwenye akili akiona haikojoi anaizima hapo hapo. Huyu alikuwa na haraka, hakuzima. Basi wiki ile ile, kwa bahati tu, mwalimu alikuwa anafundisha upoaji wa injini: chuma kikipata joto kinatanuka, pistoni ya aluminiamu inatanuka kuliko silinda ya chuma inayoizunguka, ile nafasi ndogo iliyoachwa kati yao inakwisha, na oili inashindwa kukaa. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikahisi kama mtu ananisimulia habari za ndugu yangu.

Alhamisi nilirudi karakana nikamwomba Fundi tufungue pampu ya maji kabla ya kitu kingine chochote. Impela, lile gurudumu la mpira lenye mabawa, ilikuwa imelika mabawa yote. Mchanga. Yule bwana anaegesha kwenye maji ya kina kifupi, anawasha mashine propela ikiwa karibu na chini, pampu inavuta mchanga pamoja na maji, na mchanga unakula mpira siku baada ya siku. Juu ya hapo matundu ya kuingizia maji yalikuwa yamejaa nyuzi za magugu maji. Fundi angeyajua yote haya bila mimi, ni kweli. Ila safari hii nami nilijua, na nilijua kwa nini. Mwenye mashine alipokuja niliweza kumweleza asiwashe mpaka asukume boti hadi maji ya kiunoni, na alinielewa, maana sikumpa amri tupu.

Hapo ndipo niliposhika jambo ninalolitetea. Somo na mashine vikikutana ndani ya wiki moja, kitu kinakaa kichwani. Vikipishana mwezi mzima, unabeba mizigo miwili na hakuna unaoufikisha. Klachi niliyonakili ile Jumatatu ya mwezi mpevu? Niulize leo, nitakuchorea duara na mishale.

Kuna mengine ya kuchekesha. Chuoni nasomea ufundi magari, kwa sababu ufundi wa mashine za boti haupo kwenye orodha ya fani zetu. Kitabu cha kumbukumbu za kazi, kile ambacho fundi wako anatakiwa kukisaini, kina kurasa za breki, klachi, usukani na springi. Mwalimu wa ufuatiliaji, yule anayetukagua tukiwa kazini, alinikemea mbele ya wenzangu kwamba ukurasa wa breki ni mweupe tangu Januari. Nikamjibu, “Shikamoo mwalimu, boti haina breki.” Darasa lilicheka, yeye hakucheka, na kwa haki yake, maana mtihani utauliza breki hata kama ziwa halizijui. Mwishowe nimeujaza ukurasa ule kwa bajaji za jirani yetu, siku za giza, bila malipo. Fundi naye anasaini kitabu mara moja kwa mwezi, mistari yote kwa mkupuo, na kila mstari anaandika “vizuri”. Siku niliyomwagia petroli kwenye betri pia ni vizuri.

Kwenye oili ndiko walimu wangu wawili wanakopigania roho yangu. Mashine nyingi tunazozishika ni za stroku mbili, oili inachanganywa na petroli. Kipimo cha mashine hizo ni hamsini kwa moja: dumu la lita 20 linataka mililita 400. Mvuvi anaona kidogo, anamimina hadi roho yake itulie. Matokeo ni plagi kuloa, moshi mwingi, masizi kwenye ringi. Chuoni wananifundisha kupima kwa chombo chenye mistari. Fundi anachovya kidole kwenye dumu, anasugua na dole gumba, anakwambia, “Imezidi.” Nimemfanyia mtihani kwa siri mara tatu, nikipima mwenyewe kwanza. Mara tatu amepatia. Sijui chuo kingempa alama gani, lakini ningependa siku moja aingie darasani na kidole chake, na mwalimu aje karakana na chombo chake, wakiwa wote wawili na muda.

Muda huo ndio haupo, kwa sababu mwalimu wa ufuatiliaji amekuja mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa giza. Alikuta tumekaa. Kwenye ripoti yake karakana yetu ina “kazi chache”.

Watu wengine wamelifikiria suala hili kabla yangu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ilijaribu uanagenzi pacha kwa kushirikiana na chama cha mafundi cha Hamburg, Ujerumani, ambapo mwanafunzi anapishana kati ya chuo na mahali pa kazi kwa vipindi vinavyopangwa na pande zote mbili. Napenda maneno hayo ya mwisho. Hoteli au kiwanda kina ofisa utumishi wa kukaa na chuo wakapanga. Fundi wangu ana simu ya kitochi na vijana watatu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kazi yake inajaa lini, wala yeye haoni kama ni jambo la kumwambia mtu mwenye tai.

Upo pia urasimishaji wa ujuzi, ambao fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti bila kurudi darasani. Fundi nimemshawishi aende. Anasema atakwenda giza likiingia. Mnaona?

Ninachopendekeza ni kidogo. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Kwa ratiba ya sasa nakaa darasani siku kumi na mbili au kumi na tatu ndani ya siku hizo. Nikipewa siku kumi mfululizo za mbalamwezi nikae karakana, halafu siku za giza nisome Jumatatu hadi Ijumaa, darasani napata siku kumi na tatu au zaidi. Chuo hakipotezi kitu. Nimehesabu kwa miezi minne, kwenye karatasi ya nyuma ya risiti, inatoka.

Wenzangu walio kwenye gereji za magari Igoma na Mabatini wameniambia hilo ni langu peke yangu, kwao Jumatatu ni Jumatatu. Kweli, na mwalimu hawezi kufundisha darasa lilelile mara mbili. Hili sina jibu lake zuri. Lakini kila kazi ina mwezi wake. Aliye kwenye kinu cha kuchambua pamba huku Usukumani ana miezi ya kutopumua pamba ikishavunwa, na miezi ya kufagia. Fundi cherehani wa sare za shule anajua Januari inafananaje. Ukimtoa mwanafunzi kazini Januari ukamrudisha Machi, umempeleka kujifunza kufagia.

Nimeandika haya kwenye barua kwa mratibu wa mafunzo, nikaambatisha hesabu. Aliisoma mbele yangu akacheka, si kwa ubaya, akauliza, “Kijana, unataka chuo chetu kiwe kinaandama kama Idd?” Nikasema ndiyo, mbona likizo ya Idd tunaipanga kila mwaka na haijatushinda. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia nimletee kalenda yenye miezi sita ijayo aitazame na wenzake.

Kalenda pekee niijuayo yenye viduara ni ile ya ukutani. Nimeinyofoa jana jioni nikaenda kuitolea kopi. Fundi amenipigia simu mara mbili tangu asubuhi, anaitaka irudi msumarini kabla ya Ijumaa, kwa sababu mashine zimeshaanza kuja.