Wali wa Kikorea, Mfuko wa Buguruni

Naomba kuuliza, na anayejua anijibu taratibu maana nimechoka: hivi wali na nyama kupikwa sufuria moja kumegunduliwa lini? Nauliza kwa sababu kuna binti mmoja anaishi kwangu, anakula kwangu, ada namlipia mimi, na jana kanitangazia jambo hilo kwa sauti ya mtu aliyeligundua yeye.

Binti huyu tangu amalize mitihani amehamia Korea. Mwili uko Buguruni, roho iko Seoul. Season moja ikiisha anafungua nyingine, na watu wa humo kazi yao ni mbili, kulia na kula. "Baba, leo jioni tunakula ya Kikorea. Nyama, wali, mboga, sufuria moja, dakika 30."

Nikamwambia mwanangu, hiyo ni pilau.

Akanitazama kwa huruma, ile wanayotazamwa wazee wanaouliza vocha inakwanguliwa upande gani. "Pilau haina gochujang, baba."

Haya. Gochujang ni pilipili ya unga, mchele wa kunata na soya iliyochachushwa, vinakaa kwenye mitungi ya udongo miezi na miezi. Kwetu chakula kikichacha kinamwagwa na mtu anasemwa. Kwao kinauzwa. Nimekikuta kwenye supamaketi moja ya huko wanakoishi wenye majenereta, kijiboksi chekundu cha kukaa kiganjani. Nikasoma bei, nikakirudisha, nikajifanya nilikuwa natafuta mswaki. Tukatumia pilipili ya kusaga na sukari. Mafuta ya ufuta nayo! Ufuta unalimwa Lindi na Mtwara, unajaza maghala, unapanda meli kwenda Asia, halafu mimi nauziwa kichupa chenye ujazo wa dawa ya kikohozi na maandishi nisiyoyajua. Mkulima wa Ruangwa akiiona bei ile atakaa chini kwanza.

Lakini hayo yote ni madogo. Mimi nilitumwa bucha.

Maelekezo yalisema steki ikatwe nyembamba. Bucha letu Jumamosi jioni lina foleni, na muuza nyama wetu anajua mikato miwili tu, wa panga na wa shoka. Zamu yangu ilipofika nikainama, nikasema kwa sauti ya chini, "Nusu ya steki. Ila unikatie nyembamba."

"Vipande vya mchuzi?"

"Nyembamba zaidi."

"Vya mishkaki?"

"Mishkaki hiyo minene. Nataka nyembamba, yaani karatasi."

Panga likasimama hewani. Redio ilikuwa inatangaza mpira, na naapa hata mtangazaji alinyamaza.

"Mzee," akasema, "unaenda kupika au unaenda kuandikia?"

Foleni ikacheka. Nyuma yangu kulikuwa na bibi mmoja na kikapu chake, akanitetea. "Muacheni. Labda nyumbani kuna mgonjwa."

"Shikamoo bibi. Hakuna mgonjwa."

"Marahaba. Basi meno."

"Meno ninayo, bibi."

"Hebu."

Nikaachama. Mimi, mtu mzima, mjumbe wa kamati ya ulinzi ya mtaa, nimeachama ndani ya bucha, bibi ananikagua, na muuza nyama kanyanyuka kwenye kiti chake cha plastiki na yeye apate kuona. Bibi akatoa ripoti kwa foleni nzima. "Anayo. Ila la nyuma huku halina maisha marefu."

Nikataka kueleza kwamba hii ni bulgogi, nyama ya Kikorea, inakatwa hivyo ili viungo viingie upesi na isikae sana motoni. Nimefika kwenye "Kiko", jamaa wa bodaboda aliyeegesha mlangoni akadakia. "Hiyo ni akili ya bajeti! Nusu ukiikata karatasi, ukaitandaza kwenye sinia, watu wanaona kilo mbili."

Kicheko kikakatika. Niliwaona watu wanapiga hesabu. Mama mmoja aliyekuwa ameshaagiza robo akasema, "Kumbe! Basi na mimi nikatie hivyo hivyo." Mwingine akasema na yeye. Muuza nyama akapigiza panga kwenye gogo. "Hakatiwi mtu karatasi hapa! Mimi nina bucha, sina stesheneri!"

Ndipo kijana mmoja msomi akashauri nyama iwekwe kwanza kwenye friza, ikianza kuwa ngumu inakatika yenyewe. Ushauri mzuri, na ni kweli ndivyo wanavyofanya. Bahati mbaya umeme ulikuwa umekatika tangu saa nane. Aliyetaja friza alikuwa amewasha moto mwingine kabisa. Kila mmoja akaanza kusimulia kilichooza kwake: samaki wa huyu, maziwa ya yule, barafu za biashara za yule mama wa robo. Mimi na nusu yangu tukasahaulika. Muuza nyama akanifungia steki nzima nzima, akaongeza na mfupa wa supu bure.

"Huu wa mgonjwa," akasema.

Bibi akaitikia amina.

Nyama nimeikata mwenyewe kwa kisu cha mkate. Wakorea huilainisha kwa peasi la kukwaruza, sisi tukatia papai bichi, la mishkaki lile lile, na ikalainika vizuri tu. Kimchi nikaikataa mlangoni. Kabichi ikae na pilipili na kitunguu saumu mpaka ianze kuchacha, ndani ya vyumba viwili na sebule? Binti akanijulisha kwamba mwaka 2013 UNESCO waliiingiza desturi ya Wakorea kutengeneza kimchi kwa pamoja kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nikamuuliza, na harufu nayo imeorodheshwa? Tukala kachumbari.

Kilichoniuma ni mchele. Ndugu zangu, mchele ule ulikuwa wa Kyela. Mchele ukichemka jirani wa tatu anajua. Marehemu mama yangu aliwahi kukataa mchumba wa kaka yangu kwa sababu ya bokoboko, na kaka akaoa kwingine, na watoto wapo. Sasa mbele ya macho yangu binti wa ukoo huo huo anaongeza maji kwa makusudi! Namwambia utalegea, ananiambia ndiyo unavyotakiwa, ushikane. Mama yake kasimama pembeni kashika kiuno, hasemi neno, na mama huyu mimi nikileta mchele wa chenga ananinunia mpaka Jumatano. Nimelipia punje zichambuke, nimelipia harufu, nimelipia nauli ya gunia kutoka Mbeya, halafu naletewa uji wenye nyama!

Gesi ikaisha katikati, tukahamia kwenye mkaa, chini kukaungua. Binti akapiga makofi. Eti Wakorea wanaupenda ukoko, wanaumwagia maji ya moto na kunywa baada ya chakula. Sisi tuliopigania ukoko utotoni tuliambiwa tuna njaa.

Mezani mdogo wake akaja na vijiti vya mishkaki ale navyo. Dada mtu akamnyang'anya, wali Wakorea wanakula kwa kijiko. Kisha akasema mtoto haanzi mpaka mkubwa wa meza aanze. Hapo nikaweka kijiko chini. Nikanawa tena. Nikauliza habari za shule. Nikamsifu Mkorea kwa maneno machache yaliyochukua muda. Watoto macho kwenye sinia, mate yanawajaa, na mimi natafuta miwani. Katika season zote zilizowahi kuingia nyumba hii, hicho ndicho kipengele pekee cha maana.

Chakula, sitaki maneno mengi, kiliisha. Mfupa wa mgonjwa tumeuacha wa leo.

Ila hiyo sufuria moja mniitie anayeiona. Karoni kulikuwa na bakuli la nyama, bakuli la papai, kikwaruzo, sufuria, kikaango cha mayai ya juu, na chujio ambalo hakuna anayekiri kulitumia. Na maji ya bomba yanatoka saa tisa usiku, yakipenda. Ikabidi nimuite kijana wa mkokoteni. Ndoo imepanda. Namuuliza imepanda kwa nini, ananijibu dola. Dola! Kisima kiko Tabata, mkokoteni wa mbao, unasukumwa kwa miguu yako mwenyewe, ndala za kwako. Hebu niambie, kijana, dola imepitia wapi hapo?